Kijana Aliyeketi Dirishani



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya kundi moja la waamini ambao wapo kanisani karibu kila Dominika, na hata hivyo si rahisi kusema ni wa chama gani. Si watoto wa Utoto Mtakatifu, wenye walezi na sare zao. Si wanafunzi wa sekondari, ambao shuleni wana TYCS na mlezi anayewafahamu. Si akina mama wa WAWATA, wala akina baba wa UWAKA. Ni vijana waliomaliza masomo, wakaja mjini kutafuta kazi au kuianza, wakapanga chumba, na bado hawajafunga ndoa. Wamekwisha kutoka chini ya paa la wazazi wao, nao hawajaezeka la kwao.

Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unamhesabu kijana kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35. Ndani ya miaka hiyo 20 mna mambo mengi: mna mwanafunzi wa sekondari, na mna mama wa watoto watatu. Lakini katikati yake ipo miaka kadhaa, pengine mitano, pengine kumi, ambayo kijana huishi peke yake kwa mara ya kwanza. Hakuna anayemwamsha kwenda Misa. Hakuna anayemwuliza kama amesali. Imani aliyoipokea kwa mikono ya wengine sasa imo mikononi mwake mwenyewe. Hiyo ndiyo miaka tunayotaka kuitazama, kwa sababu mengi huamuliwa humo kimyakimya.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 20, aya ya 7 hadi ya 12, Mtakatifu Luka anatusimulia habari fupi ambayo si wengi wanaoikumbuka. Mtume Paulo alikuwa Troa, mji wa bandari katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Siku ya kwanza ya juma waamini walikutana ili kuumega mkate. Kwa kuwa Paulo alikuwa anasafiri siku ya pili yake, aliendelea kusema nao mpaka usiku wa manane. Walikuwa katika chumba cha orofani, na taa zilikuwa nyingi. Kijana mmoja aliyeitwa Eutiko alikuwa ameketi dirishani. Usingizi ukamzidi, akaanguka kutoka orofa ya tatu, akaokotwa amekwisha kufa. Paulo akateremka, akamwinamia na kumkumbatia, akawaambia watu wasifanye ghasia kwa maana uhai wake ulikuwa bado ndani yake. Kisha wakapanda tena, wakaumega mkate, wakazungumza hadi alfajiri. Na kijana yule wakamleta akiwa hai, nao wakafarijika sana.

Tuyatazame mambo matatu katika habari hiyo.

La kwanza ni mahali alipokuwa ameketi. Dirisha ni mahali pa katikati. Aketiye hapo hayuko nje, kwa maana analisikia neno linalosemwa. Wala hayuko ndani hasa, kwa maana mgongo wake umeelekea gizani. Pengine chumba kilijaa na viti vyote vilikuwa vimeshikwa na wakubwa. Pengine joto la taa nyingi lilimfanya atafute hewa. Luka haelezi sababu. Anatuambia tu kwamba katikati ya mkutano wa waamini, penye mwanga, penye neno na penye mkate, kijana alikuwa pembeni kabisa, na hatua moja ya kurudi nyuma ilitosha kumwangusha.

La pili ni kwamba alikuwa amechoka. Nyakati zile siku ya kwanza ya juma haikuwa siku ya mapumziko kwa watu wa kawaida. Walifanya kazi mchana, wakakutana usiku. Eutiko hakuwa amekosana na mafundisho ya Mtume. Alishindwa na usingizi. Nasi mapadre tunayo sababu ya kuisoma aya hiyo kwa unyenyekevu, kwa kuwa Luka hafichi kwamba mahubiri yalikuwa marefu.

La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kwamba alipoanguka, watu walijua. Hawakumaliza ibada wakatawanyika kisha wakamkuta asubuhi. Mtume alikatiza mahubiri yake, akashuka ngazi yeye mwenyewe, bila kumtuma mtu. Na katika habari nzima hakuna neno hata moja la kumkaripia kijana kwa kusinzia.

Wapendwa, katika utume wetu wa kichungaji tumezungumza na vijana wengi ambao wamekaa mbali na Kanisa kwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Wachache sana ndio waliotuambia kwamba waliketi, wakapima hoja, wakaamua kwamba Mungu hayupo. Walio wengi husimulia jambo la kawaida zaidi. Walihama mtaa. Walipata kazi ya zamu. Walikosa Misa Dominika moja, ya pili wakaona haya kidogo, ya tatu hawakuona haya tena. Hakuna aliyewafukuza, na hakuna aliyewauliza. Walikuwa dirishani, wakaanguka upande wa nje, na ndani ya chumba mahubiri yakaendelea.

Binti mmoja fundi cherehani, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia habari yake bila kumtaja jina, alikuja Dar es Salaam kutoka mikoa ya kusini na kupanga chumba katika nyumba yenye wapangaji saba. Kila Dominika alihudhuria Misa ya kwanza, akakaa benchi la nyuma, na baraka ilipotolewa akaondoka kuwahi kibanda chake. Siku moja alishikwa na malaria kali. Alilala ndani siku mbili bila nguvu ya kufungua mlango, na simu yake ikazima kwa kukosa umeme. Siku ya tatu mlango uligongwa. Aliyegonga alikuwa mama muuza vitumbua wa pale barazani, jirani yetu Mwislamu, ambaye alikuwa ameona kwamba mteja wake hajapita siku mbili mfululizo. Ndiye aliyetafuta bajaji, akampeleka zahanati, akakaa naye mpaka dripu ya kwanza ikaisha.

Alipopona alikuja kutushukuru kwa Misa aliyokuwa ameomba, na katika mazungumzo akasema maneno ambayo yametukaa moyoni: "Baba, nimekaa hapa mwaka mmoja na miezi miwili, na Misa sikukosa. Dominika ile sikufika, na hakuna aliyejua kwamba sikufika. Yule mama hajui hata jina langu la ubatizo. Alijua tu kwamba kila asubuhi nachukua vitumbua vitatu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayehesabu chenji yake na kuikuta pungufu.

Hatusimulii habari hii ili kumlaumu mtu. Ni haki kusema kwamba hakuna awezaye kumkosa mtu ambaye hajapata kumfahamu. Katika kanisa la mjini ambalo waamini hujaa hadi kusimama nje, mtu anaweza kuwapo kila Dominika bila kuwapo machoni pa yeyote. Ndiyo maana Misa ya Dominika, iliyo kilele cha maisha yetu, haikukusudiwa kubeba peke yake mzigo wa kufahamiana. Mama wa vitumbua hakuwa na mafundisho ya ndani kuliko sisi. Alikuwa na kitu kimoja tu: alimhesabu. Naye kwa kumhesabu alitenda alichotenda Msamaria katika Injili, aliyesimama pale ambapo wengine walipita.

Wahenga wetu walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Katika mgawo wa nyama na katika vikao vya urithi methali hiyo ina ukweli wake. Lakini katika nyumba ya Mungu mambo ni kinyume. Kumbukeni habari ya Toma katika Injili ya Yohane, sura ya 20. Jioni ile ya Pasaka Bwana alipowatokea wanafunzi, Toma hakuwapo. Kwa kipimo cha methali yetu angekosa fungu lake. Lakini wenzake walimwendea na kumwambia walichokiona, hawakumtenga alipokataa kusadiki, na baada ya siku nane walikuwa naye ndani. Bwana akaja tena, na safari hii alizungumza naye mwenyewe, juu ya jambo lile lile alilokuwa amelitilia shaka. Fungu la asiyekuwapo lilikuwa limetunzwa.

Tukiwa wakweli, imani ya Toma haikuokolewa na hoja za wenzake, kwa kuwa hoja zao alizikataa. Iliokolewa kwa sababu wenzake walijua kwamba hakuwapo, na kwa sababu yeye, pamoja na mashaka yake, alikubali kurudi na kuketi nao. Pande zote mbili zilifanya sehemu yake. Hilo ndilo neno tunalotaka kulisema leo: ushirika wa Kikristo huanza pale ambapo kutokuwapo kwako kunajulikana, na pale ambapo wewe mwenyewe umekubali kujulikana.

Kwa nini basi vijana wetu wengi hawaonekani katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo? Tumewauliza wao wenyewe, na majibu yao hurudia mambo matatu.

Jambo la kwanza ni chumba. Jumuiya hukutana nyumbani kwa wanajumuiya kwa zamu, na kijana anajua kwamba zamu yake itafika. Ana chumba kimoja: kitanda, jiko la gesi, ndoo za maji, nguo zimetundikwa ukutani. Hana viti. Hana sebule. Anaona haya kuwakaribisha wazee wanaomiliki nyumba zenye uzio. Hivyo hujitenga mapema, kabla hajafikiwa na zamu.

Jambo la pili ni michango. Kuna mchango wa ujenzi, wa mavuno, wa msiba, wa sikukuu ya somo wa jumuiya. Yote ina sababu njema. Lakini kijana ambaye kipato chake ni cha kubahatisha akisikia jina lake likisomwa mbele ya watu pamoja na deni, juma linalofuata hataonekana. Si kwamba hapendi kutoa. Anakimbia daftari.

Jambo la tatu ni muda. Jumuiya nyingi za mjini hukutana Jumamosi alfajiri. Saa hiyo mlinzi anatoka lindoni, muuguzi anabadilishana zamu, kijana wa bodaboda yuko kwenye kituo chake, na fundi ana nguo za harusi za kumalizia. Anayefanya kazi ya dukani hana Jumamosi.

Wapo pia wanaotuambia kwamba mahubiri wanayapata katika simu. Hatuidharau simu. Tunamshukuru Mungu kwamba mgonjwa aweza kusikiliza Neno akiwa kitandani, na hata tafakari hii huwafikia wengi wenu kwa njia hiyo. Lakini simu ni dirisha jingine. Kwa njia yake waweza kumwona mhubiri wa mbali, naye asijue kama wewe umekula. Na katika kundi la WhatsApp lenye watu 200 mtu aweza kunyamaza miezi sita bila mtu kugutuka.

Kuhusu jambo la kwanza, la chumba, tunayo habari ya kuwatia moyo. Mwaka mmoja tulialikwa kuadhimisha Misa katika jumuiya fulani, na zamu ilikuwa ya kijana fundi wa kuchomelea vyuma, anayeishi chumba kimoja. Watu walikuwa 15. Kitanda kiligeuzwa kuwa benchi, na juu yake waliketi mabibi wanne. Meza ya altare ilikuwa meza yake ya kulia chakula, iliyotandikwa kanga mpya aliyoazima kwa jirani. Waliobaki walikaa juu ya ndoo zilizofunikwa na juu ya kizingiti, na watoto wakajaa uani. Baada ya Misa tulikunywa chai ya rangi kwa vikombe visivyofanana. Mzee mmoja, mstaafu, mwenye nyumba kubwa kupita zote za jumuiya ile, alimwambia kijana: "Mwanangu, mimi na mke wangu tulianza ndoa katika chumba kidogo kuliko hiki. Leo umetukumbusha." Tangu siku ile mzee yule humtuma kijana kazi za mageti, na kijana humpeleka mzee kliniki ya macho. Hakuna mkutano wa parokia uliopanga jambo hilo. Lilizaliwa na mlango uliofunguliwa.

Tena tusisahau kwamba Afrika yetu inao mfano wake mkubwa wa ushirika wa vijana. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882, kwa kuona hatari, waliondoka, wakavuka ziwa kuja upande wa kusini, Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Walirudi Julai 1885. Kwa muda wa karibu miaka mitatu waamini wale wachanga, wengi wao vijana, walikaa bila padre, bila Misa, bila Kitubio. Kwa akili ya kibinadamu tungetazamia kwamba imani ingezimika. Wamisionari waliporudi walikuta waamini na wakatekumeni wameongezeka. Walikuwa wamekutana katika vikundi vidogo, kuwazunguka walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba, wakifundishana sala na kuangaliana.

Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, na Karoli Lwanga, kijana wa miaka ipatayo 25, akachukua uongozi wa vijana waliotumikia katika jumba la Kabaka Mwanga. Mwishoni mwa Mei 1886, walipotambua kwamba kifo kimekaribia, Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wenzake waliokuwa bado wakatekumeni. Mmoja wao alikuwa Kizito, mwenye umri wa miaka 14 hivi. Mapokeo yanasimulia kwamba Lwanga alimwahidi mdogo huyo kumshika mkono wakati wa kukiri imani yao utakapofika, asije akatetemeka. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto huko Namugongo, pamoja na vijana wenzao Waanglikana. Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 Wakatoliki kuwa Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Twaheshimu ushujaa wao, na kila mwaka mahujaji wengi kutoka nchi zetu huenda Namugongo, wengine kwa miguu. Lakini tuutazame pia mkono ule. Kizito hakuwa amesoma vitabu vya kutetea imani. Alikuwa na mtu mkubwa kidogo kuliko yeye, aliyemjua kwa jina, aliyejua hofu yake, na aliyekaa karibu kiasi cha kumfikia mkono. Kwa vijana wengi wa parokia zetu, kinachopungua ni huo ukaribu.

Kwa hiyo hatushangai kwamba Maaskofu wa Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu Katoliki Afrika Mashariki na Kati (AMECEA), katika mkutano wao mkuu wa mwaka 1976, waliweka ujenzi wa jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Walitaka Kanisa liwe mahali ambapo watu wanafahamiana, wanasaidiana na kulisoma Neno wakilitazama katika maisha yao ya kila siku. Jumuiya haikuanzishwa iwe dawati la kutoa barua. Inatupasa kulisema hili waziwazi, kwa kuwa tunawaona vijana wanaoikumbuka jumuiya siku wanapotaka barua ya kufunga ndoa au ya kusimamia ubatizo. Mwenyekiti husema kwa haki kwamba hamfahamu mtu huyo, kijana hukasirika, na pande zote mbili huondoka na kinyongo. Barua ni ushahidi tu kwamba watu wanafahamiana. Ufahamiano wenyewe ukikosekana, mwenyekiti hana la kushuhudia.

Sasa tunaomba kusema neno kwa wazee na viongozi wa jumuiya. Wapendwa wetu, shukeni ngazi. Msiwangojee vijana juu orofani huku mkisikitika kwamba kizazi hiki kimepotea. Ziko nyumba za wapangaji katika eneo la kila jumuiya. Mnazipita mkienda sokoni. Gongeni mlango, ulizeni jina, ulizeni zamu yake ya kazi. Pale penye vijana wengi wa zamu, kutaneni Dominika alasiri mara moja kwa mwezi. Deni la mtu asomewe faraghani. Na kijana akifika, msimweke kuwa mgeni wa kudumu. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpeni somo la kusoma, mpeni daftari la mahudhurio, mpeni mgonjwa wa kumtembelea. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2019 uliofuata Sinodi juu ya vijana ya Oktoba 2018, alifundisha kwamba vijana si wa kesho tu. Mungu anawatumia leo. Anayepewa kazi hujua kwamba asipofika kuna kitu kitapungua.

Nanyi vijana wetu, tunawaambia kwa upendo wa baba: ingieni ndani. Dirishani kuna upepo mzuri, mtu huona barabara, na hakuna anayemsumbua. Lakini ni mahali pa hatari kwa aliyechoka, nanyi tunajua mnavyochoka. Msingoje mpate sebule ndipo mjulikane. Msingoje mpate mchumba ndipo mtafute barua. Jiandikisheni katika jumuiya ya mtaa mnaoishi, hata kama mkataba wa chumba ni wa miezi mitatu. Hudhurieni inapowezekana, na isipowezekana tumeni neno kwamba hamtafika. Kutoa taarifa ya kutofika ni jambo dogo, lakini lina maana kubwa: ni kukiri kwamba kuna watu wenye haki ya kukungoja.

Wala msifikiri kwamba ninyi ni akina Eutiko siku zote, wa kuokotwa tu. Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa Mtakatifu kijana wa Torino, Italia, Pier Giorgio Frassati, aliyefariki tarehe 4 Julai 1925 akiwa na miaka 24. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mpenda milima na marafiki, mtoto wa familia yenye uwezo. Kila mara alikwenda kuwatembelea maskini wa mji wake katika vyumba vyao. Alipokuwa kitandani, ugonjwa wa polio ukiwa umekwisha kuulegeza mkono wake, aliandika kwa shida karatasi ya kuelekeza kwamba maskini mmoja apelekewe dawa zake. Siku ya maziko familia yake ilishangaa kuona umati wa maskini ambao haikuwafahamu. Kijana yule alikuwa ameshuka ngazi nyingi bila kutangaza.

Yupo kijana mwenzako katika nyumba unayopanga, au kazini kwako, ambaye wewe u karibu naye kuliko padre, kuliko katekista, kuliko mwenyekiti wa jumuiya. Ukimwona Dominika hii, jua jina lake. Asipoonekana Dominika ijayo, mpigie. Wala usianze kwa kumwuliza kwa nini hakuja Misa. Mwulize kwanza kama ni mzima.

Turudi Troa kwa mara ya mwisho. Usiku ule Paulo alisema mengi, na Luka hakuandika hata sentensi moja ya mahubiri yale marefu. Alichokiandika ni kwamba kijana alianguka, Mtume akashuka, mkate ukaumegwa, na watu wakafarijika kwa sababu kijana alikuwa hai. Mungu atujalie parokia zetu zikumbukwe kwa jambo kama hilo.

Tunawatakieni nyote juma jema lenye neema. Vijana mlio mbali na nyumbani, mlio kazini usiku huu, mlio wagonjwa peke yenu vyumbani, tunawaombea. Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mtuombee. Baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Amina.